Albamu sita za 2024 zenye ladha ya zamani: ipi ya kuchezea, ipi ya kukaa nayo kimya

Rafiki yangu mwenye kibanda cha pweza na juisi pale Shangani, Mtwara, amechoka na singeli. Si mbaya, anasema, lakini wateja wake wa jioni ni walimu, wauguzi wa hospitali ya Ligula na watu wa korosho waliokwisha kulipwa. Hao wanataka kukaa, na singeli haimkalishi mtu. "Nitafutie muziki mpya wenye ladha ya zamani," akaniambia, kisha akanikabidhi flashi ya GB 8 isiyo na kifuniko.

Tangu siku hiyo nimesikiliza albamu sita, zote za mwaka 2024, zote zikichota kisima kimoja cha miaka ya sitini na sabini: fanki, afrobeat, disko la Kiafrika, na jazz ya kiroho. Nimezipiga kwenye sabufa ya kibandani, nimezisikia kwa hedifoni nyumbani Chikongola, na nimezipeleka barazani kwa mjomba wangu, ambaye ujana wake wote ulipita akipiga besi kwenye bendi ya dansi iliyozunguka Mtwara, Masasi na Nachingwea. Huku kwetu mjomba akisema, ukoo umesema, kwa hiyo maoni yake nimeyapa uzito kuliko yangu. Isipokuwa mahali pamoja, mtapaona.

Neno lenyewe, jazz

Ukimtajia mtu mzima wa Lindi au Mtwara neno jazz, anasikia Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz. Anasikia gita la solo, la ridhimu na la besi, tarumbeta, tumba, maneno ya mapenzi na nasaha, halafu chemko. Jazz ya kiroho ni nyumba nyingine kabisa. Mlango wake mkubwa ni A Love Supreme, albamu aliyoirekodi mpiga saksafoni John Coltrane huko New Jersey kwa siku moja, tarehe 9 Desemba 1964, siku ambayo sisi tulikuwa tunatimiza miaka 3 ya Uhuru. Nyuma yake wakafuata mkewe Alice na kinubi chake, na Pharoah Sanders na saksafoni inayolia kama mtu aliyefiwa. Ni muziki wa dua. Hauna haraka, mara nyingi hauna mwimbaji, na kipande kimoja kinaweza kukuchukua tangu unanawa, unakula wali, mpaka unanawa tena.

Hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Mtu anaona neno jazz, anategemea gita la solo, anakutana na filimbi dakika tano nzima, anasema bando lake limeliwa bure.

Seun Kuti na Ibibio Sound Machine

Hawa wawili nawaweka pamoja kwa sababu wateja watawachanganya. Wote wana asili ya Naijeria, wote wana tarumbeta na saksafoni, wote wanachezeka. Lakini hawachezeki kwa namna moja.

Seun ni mtoto wa mwisho wa Fela Kuti, mwasisi wa afrobeat. Baba yake alipofariki mwaka 1997, yeye akiwa na miaka 14, ndiye aliyesimama mbele ya bendi ya mzee, Egypt 80, na hajaondoka hapo. Albamu yake inaitwa Heavier Yet (Lays the Crownless Head). Nyimbo ni sita tu. Lenny Kravitz ameisimamia, na mitambo imeshikwa na Sodi, fundi aliyewahi kufanya kazi na Fela mwenyewe. Damian Marley ameingia kwenye Dey, na Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia, ameingia kwenye Emi Aluta.

Niliipiga kwa mjomba jioni, yeye akimenya ming'oko kwa meno, bao likiwa mezani bila mpinzani. Wimbo wa kwanza ulipita hajasema kitu. Wa pili ulipokolea nikaona ameuacha mng'oko nusu umemenywa juu ya sahani, na vidole vya mkono wake wa kushoto vinabonyeza ukingo wa lile bao, kimoja kimoja, kama vile lina nyuzi. Nikanyamaza. Baadaye akasema: "Mjomba, huyu wa besi anajua kunyamaza." Naye huniita mjomba vilevile.

Nilimwomba anieleze. Kwenye afrobeat, akasema, gita linapewa sentensi moja fupi, nalo linairudia bila kuibadilisha hata kama nyumba inaungua. Besi inapewa sentensi yake, yenye mashimo. Dram inaingia kwenye yale mashimo. Tarumbeta zinakuja za mwisho, kama wageni rasmi. Mpiga besi asiye na subira akiyajaza yale mashimo, muziki unakufa palepale. Kwenye dansi yao, besi ilikuwa inatembea na mwimbaji. Hapa besi imekaa, na wengine ndio wanaoizunguka.

Ibibio Sound Machine ni bendi ya London. Mwimbaji wao, Eno Williams, anaimba Kiingereza na Kiibibio, lugha ya kusini mashariki mwa Naijeria. Albamu ya 2022 waliitengeneza na bendi ya Hot Chip. Hii, Pull the Rope, wameipeleka kwa Ross Orton, prodyuza wa Sheffield, na mashine zimezidi kuchukua nafasi. Hili ndilo disko: dram kubwa inapiga kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, mguu wako hauna pa kupotelea. Juu yake kinanda cha umeme kinabubujika, tarumbeta zinakata, na Eno anaita kama anayeongoza ngoma.

Mjomba aliitoa kasoro kabla ya dakika mbili. "Hii ni mashine. Mashine haichoki, na asiyechoka hana utamu." Maneno mazuri, lakini sikubaliani naye, na hapa ndipo mahali penyewe nilipopasema. Jumamosi ile niliipiga kibandani. Kufika wimbo wa Mama Say, akina mama watatu waliokuwa wanasubiri pweza wao walikuwa wameshaweka mikoba juu ya viti. Hakuna aliyeelewa Kiibibio. Hata Kilingala tumekichezea miaka yote bila mkalimani.

Kwa hiyo: watu wakiwa bado wanakula na kuongea, Seun. Sahani zikiondolewa na meza zikiweza kusogezwa, Ibibio. Kuna na suala la sabufa. Hizi zetu za kawaida zimetengenezwa zitikise kifua, na Ibibio, ambao besi yao imetoka kwenye mashine ikiwa nzito na safi, wanazifaa bila kugusa kitu. Ukiweka Seun, punguza kitufe cha besi hadi nusu au chini yake. La sivyo tarumbeta zinazama na unabaki na ngurumo, halafu unasema Seun hajui.

Ezra Collective, kwa asiyejua aanzie wapi

Kama flashi yako ina nafasi ya albamu moja, weka Dance, No One's Watching ya Ezra Collective. Ni vijana watano wa London. Dram anapiga Femi Koleoso na besi mdogo wake, TJ. Mwaka 2023 walikuwa kundi la kwanza la jazz kutwaa Mercury, ile tuzo kubwa ya albamu ya Uingereza. Hii iliyofuata waliirekodi Abbey Road, ndugu na marafiki wakiwa mlemle studio, na inasikika: kuna joto la watu ndani yake.

Imepangwa kama matembezi ya usiku mmoja, tangu kutoka nyumbani hadi kurudi. Ndani mna afrobeat, mna rege kidogo, mna jazz ya kutosha kumfundisha sikio mgeni bila kumtisha. Ajala inakimbia mno; isubirishe mpaka watu wapate moto. God Gave Me Feet for Dancing, anayoiimba Yazmin Lacey, ndiyo niliyomtafsiria mjomba jina lake, Mungu kanipa miguu ya kuchezea, akacheka hadi akakohoa, akasema hilo ni jina la wimbo wa Kimakonde, wamelipata wapi.

Lawama yangu ni moja. Vipande ni 19, na baadhi ni vya kuunganishia tu. Kwenye mfululizo vinapendeza. Redio ya flashi ikiwekwa ichanganye nyimbo, kinakatiza kipande kisicho na kichwa wala miguu katikati ya maongezi ya watu, na kila mtu anageuka kutazama sabufa imeharibika nini.

Jirani wa Ezra kwenye rafu ni Kamasi Washington wa Los Angeles na Fearless Movement. Sitakaa naye sana. Ni kazi kubwa, ina zaidi ya dakika 80, inafunguka kwa sala ya Kigeez ya Ethiopia, ina wimbo uliotokana na sauti aliyoipapasa binti yake mdogo kwenye piano, na George Clinton, mzee wa fanki mwenyewe, yumo kwenye Get Lit. Kwa kibanda ni chakula kizito mno. Kwa safari inafaa: ukiibonyeza basi likitoka stendi ya Mkanaledi, nyimbo za mwisho zinakukuta Mnazi Mmoja, pale barabara inapogawana kwenda Lindi na Masasi. Kati yake na Ezra, anayependa kwaya kubwa na saksafoni inayopanda mlima achukue Kamasi. Wengine wote Ezra.

Shabaka na Nala Sinephro

Hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi, na nakiri hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Shabaka Hutchings alizaliwa London, akakulia Barbados, na alijulikana kwa saksafoni nzito ya kuchezesha watu. Mwisho wa 2023 akaiweka chini. Akashika filimbi, ikiwemo shakuhachi, filimbi ya mianzi ya Kijapani. Aprili 2024 akatoa Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace. Aliirekodi kwenye studio ya Van Gelder, New Jersey, ileile ya Coltrane ya Desemba 1964, na imetoka kwa lebo ileile, Impulse!. Aliwaketisha wapigaji chumba kimoja, bila hedifoni masikioni, bila vizuizi kati yao, kila mtu akimsikia mwenzake kwa hewa tu. Vinubi viwili vinapokezana, Charles Overton na Brandee Younger. Mwishoni baba yake mzazi, Anum Iyapo, anasoma shairi.

Nala Sinephro ni mpiga kinubi na mashine za sauti, Mbelgiji mwenye asili ya Karibea, makazi yake London. Endlessness ina sehemu kumi, zote zina jina moja la Continuum na namba yake. Mashine inazungusha noti chache kama gurudumu, kwa muda wa dakika kama 45, na juu ya gurudumu hilo wanapanda na kushuka wengine: saksafoni, tarumbeta, dram, na wapigaji 21 wa fidla na ndugu zake. Mmoja wa wapiga saksafoni hao ni James Mollison, yuleyule wa Ezra Collective. Kwa Ezra anapiga kelele sokoni, kwa Nala ananong'ona msikitini. Ukisikiliza albamu hizi mbili zikifuatana utadhani ni ndugu wawili waliogombana.

Kwenye karatasi zinafanana: zote tulivu, zote zina kinubi, zote zinamkumbuka Alice Coltrane. Umeme ulipokatika ndipo nilipoona tofauti.

Ilikuwa saa moja na nusu usiku, kibandani. Sabufa ikazima, feni ikazima, friji ya juisi ikapiga mluzi mdogo na kunyamaza. Kwa mbali jenereta ya mtu ikaanza. Rafiki yangu akawasha taa ya simu, mimi nikaitia simu yangu ndani ya sufuria tupu, ile mbinu ya kila mtu, sauti ipate mahali pa kugonga. Nikaweka Nala. Likatoka jambo kama nzi ndani ya chupa. Lile gurudumu la chini lote limepotea, zile fidla zimekuwa ukungu. Nikabadilisha, nikaweka Shabaka.

Filimbi ikatoka ndani ya sufuria kana kwamba mtu amekaa kwenye mchanga, hatua tano kutoka mezani. Watu wakapunguza sauti zao bila kuambiwa. Mjomba, aliyekuja siku hiyo kwa ajili ya supu na si kwa ajili yangu, akainamisha kichwa upande wa sikio lake zima. "Anapumua," akasema. "Msikilize, kabla ya kila neno anapumua." Na kweli, pumzi imeachwa ndani ya rekodi. Hakuna aliyeisafisha.

Kesho yake nilimvisha hedifoni, nikamwekea Nala mwanzo hadi mwisho, maana nilihisi simu imemwonea. Alifumba macho. Nilidhani amelala, mpaka Continuum 10 ilipofika, dram zikafoka na mashine zikapanda, akashika ukuta. Alipozivua akasema: "Huu ni muziki wa mtu mmoja. Ukiwa wawili, haupo." Sina la kuongeza. Shabaka unaweza kumpiga mbele ya watu, hata kwa kifaa kibovu, hata bahari ikiwa inasema. Nala ni wa hedifoni, mlango umefungwa, saa sita za usiku. Kibandani usimpeleke, utamdhalilisha.

Mjomba alinieleza pia kwa nini Shabaka anamgusa, naye hakutaja dua wala roho. Wao walipokwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ilisimama chumba kimoja. Mmoja akikosea, wote mnarudi mwanzo. Kwa hiyo mpiga tumba alikuwa anamtazama mwimbaji mdomo, mwimbaji anamtazama wa solo vidole, na yale macho, anasema, yanasikika. Vijana siku hizi wakitaka "ya zamani" wanatia mikwaruzo ya santuri juu ya muziki uliotengenezwa na mtu mmoja na kompyuta yake. Mikwaruzo hiyo anaichukia. Kwake mkwaruzo ulikuwa uchafu, mlikuwa mnaufuta kwa kitambaa.

Kwa kipimo chake hicho, cha chumba kimoja, Shabaka ni wa kwanza, Ezra wa pili, Seun wa tatu, Kamasi wa nne. Nala amemweka pembeni, hampimi. Ibibio ni wa mwisho kwake. Kwangu, ukiniuliza nani arudiwe Jumamosi hii, Ibibio ni wa pili.

Kabla hujamaliza bando kwa wageni

Kuna mzee mmoja kibandani aliyeuliza kwa nini tunakwenda London kutafuta fanki. Swali la haki. Sunburst walikuwa wakipiga fanki na roki ya Kiafrika hapa Tanzania, na rekodi zao za 1973 hadi 1976 zilikusanywa na kutolewa upya na lebo ya Strut mwaka 2016 kwa jina la Ave Africa. Afro 70 ya Patrick Balisidya ndiyo iliyokwenda FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, kule Lagos mwaka 1977 kutuwakilisha. Na hayo yalikuja baada ya Novemba 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam. Ukipiga Sunburst katikati ya Seun na Ezra, hakuna anayeshtuka kwamba umeruka miaka 50. Nimejaribu. Aliyeshtuka ni mmoja tu, naye alishtuka kwa sababu alisikia Kiswahili.

Bando na flashi

Faili la MP3 la ubora wa juu, kbps 320, linakula takriban MB 2.4 kwa dakika. Nala atakula kama MB 110, Kamasi anapita MB 200. Ukisikiliza moja kwa moja mtandaoni kila siku unalipia maji ya mto uleule. Ni nafuu kununua faili mara moja, na kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu inatosha kulipia. Ukiwa na nafasi ndogo, anza na Ezra, kisha Seun, kisha Shabaka. Ibibio mwongeze kama una mahali pa kuchezea.

Jambo la mwisho ni la Nala, na limenigharimu jioni nzima. Redio nyingi za flashi hupanga nyimbo kwa herufi, hazijui kuhesabu. Kwa hiyo baada ya Continuum 1 zinapiga Continuum 10, ule mlipuko wa mwisho, halafu ndiyo zinarudi kwenye 2 kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabla ya kuhamisha, badilisha majina: 01, 02, 03, mpaka 10. Kijana anayekurushia nyimbo mwambie kabisa asimame hapo mbele yako afanye hivyo, maana atasema ameshafanya.